Akiba Haiozi: Matunda ya Rungwe na Heshima ya Jiko la Nyumbani

Wakati wo wote unapotajwa utamaduni wa taifa letu, fikra za walio wengi hukimbilia ngoma. Huletwa vikundi, hupigwa manyanga, huimbwa, hushangiliwa. Kisha wageni wa heshima huongozwa ukumbini kunywa chai, na hapo ndipo utamaduni unapokoma. Mezani hupangwa biskuti za pakiti, mkate wa ngano wa dukani, na jamu ya kopo iliyovuka mpaka mmoja au miwili. Chai yenyewe, hata ikiwa imechumwa katika kilima kinachoonekana dirishani, hurudi ndani ya kijifuko chenye uzi na maandishi ya kigeni. Hakuna anayeona ajabu. Sisi twaona ajabu, tena twaona aibu, na makala haya tumeyaandika ili kueleza kwa nini.

Tutasema juu ya Wilaya ya Rungwe na mji wake wa Tukuyu, kwa kuwa huko kasoro hii huonekana waziwazi. Mtu asiye na tunda akinunua jamu ya mbali, hatumlaumu. Lakini Rungwe haina udhuru huo. Ni nchi ya udongo wa volkeno, iliyotandazwa chini ya mlima ambao kilele chake chakaribia meta 3,000. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho Dodoma haikipati hata kwa miaka mitatu. Migomba imezizunguka nyumba hata mgeni huyaona majani kabla hajaliona paa. Kando ya migomba hiyo na pembezoni mwa mashamba ya chai hupatikana parachichi, pesheni, mapera, ndimu na miwa. Na ukiteremka hadi Kyela, katika joto la pwani ya Ziwa Nyasa, wakuta maembe, mpunga na kakao. Barabara itokayo Uyole, ikapita Kiwira na Tukuyu hadi mpakani Kasumulu, imepambwa kwa mikungu inayosubiri malori. Lori likichelewa, au mvua ikiharibu njia ya shambani, au bei ikianguka, ndizi huiva zote kwa pamoja. Na kilichoiva kwa pamoja huoza kwa pamoja. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Leo wangesema penye matunda hapana wapishi.

Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba akiba haiozi. Hatuamini kuwa walikuwa wakiizungumzia fedha peke yake, kwani wengi wao hawakuwa na fedha ya kuweka. Walikuwa wakikizungumzia chakula. Katika kila pembe ya nchi hii watu walijua namna ya kukinyima chakula nafasi ya kuoza. Wasukuma walivikata viazi vitamu wakavianika vikawa michembe, au walivichemsha kwanza, wakavianika, vikawa matobolwa, chakula kitamu ambacho mtoto hukitafuna njiani kama peremende. Watu wa nchi za muhogo walitengeneza makopa. Watu wa pwani waliitia embe mbichi chumvi na pilipili ikawa achari. Asali iliwekwa katika vibuyu na ikakaa mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kuhifadhi utamu kwa ajili ya kesho ni elimu iliyoletwa na meli, hatuwezi kumwita mwenye elimu. Huyo hajui historia ya jiko la bibi yake.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wetu ni hii: jamu, keki na vitamutamu ni mambo ya Wazungu, na anayevitetea kwa jina la utamaduni wa taifa anajipinga mwenyewe. Hoja hii ina sauti kubwa lakini haina mizizi. Kama ugeni wa asili ungetosha kukifukuza chakula mezani, Rungwe ingelala njaa. Mgomba wenyewe asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Ulifika Afrika zamani sana, ukapandwa, ukapewa majina yetu, ukawa wetu. Mahindi, muhogo, karanga, parachichi, mapera na pesheni vilitoka Amerika. Chai ilitoka Asia. Neno sukari lilitufikia kutoka Kiarabu, na Kiarabu nacho kililipata kutoka Mashariki. Hakuna taifa duniani linalokula vya asili yake tu. Kitu huwa cha watu pale watu wanapokilima, wanapokipika kwa mkono wao, wanapokigawa kwa desturi yao, na wanapowafundisha watoto wao kwa lugha yao.

Hao Waingereza tunaodhani kwamba jamu ni mali yao tangu kuumbwa kwa dunia, walifanyaje? Jamu yao ya machungwa wanayojivunia kila asubuhi ilipata umaarufu katika mji wa Dundee huko Uskoti, kwenye baridi ambamo mchungwa hauzai. Machungwa yalitoka Hispania. Sukari ilitoka visiwa vya Karibi, ambako watumwa waliotekwa katika bara letu waliilima na kuichemsha kwa jasho na damu. Hata jina lake lilitoka kwa Wareno, ambao awali walilitumia kwa tunda jingine kabisa. Watu wasio na chungwa, wasio na muwa, na wasio na jina, walikaa jikoni, wakapika, wakasema: hiki ni chetu. Na dunia ikakubali. Sisi wenye tunda, wenye muwa na wenye lugha, twasubiri nani atupe ruhusa?

Wala hatuna haja ya kwenda Uskoti kutafuta mfano. Watu wa pwani yetu walishatatua jambo hili karne nyingi zilizopita. Halua ilikuja na wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Leo hakuna harusi ya Unguja inayotimia pasipo halua, na hakuna Mzanzibari anayeomba radhi kwa kuila. Kashata za nazi na za karanga, visheti, kaimati, vitumbua na mkate wa ufuta vina majina ya Kiswahili, vina misimu yake, vina adabu zake. Mwezi wa Ramadhani una vyakula vyake, na kahawa ya barazani ina kashata yake. Mpishi wa pwani hakungoja kupata tanuri la umeme ili aoke mkate wa kumimina: aliweka moto chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko, mkate ukaiva pande zote mbili. Hiyo ni elimu ya kuoka, kamili na ya kwetu, na yaweza kutumika Tukuyu kama itumikavyo Pangani.

Majirani nao hawakulala. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, wamo Wangonde wa Karonga ambao ni ndugu wa damu na wa lugha wa Wanyakyusa. Katika nchi hiyo akina mama huziponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo sisi huzitupa, wakazichanganya na unga wa mahindi, wakazikaanga na kuziita zitumbuwa, jina linalofanana na vitumbua vyetu. Waganda huchanganya ndizi tamu na unga wa muhogo, wakapata kabalagala zinazouzwa katika kila kituo cha basi. Mwaka 2017 Malawi iliupeleka upishi wake wa nsima mbele ya UNESCO ukaandikwa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Nsima ni nini, kama si ugali? Ufaransa nayo mwaka 2022 iliandikisha mkate wake mrefu wa kila siku. Mataifa hayo hayakuona haya kusema kwamba kinachotoka katika chungu na tanuri ni utamaduni sawa na kinachotoka katika ngoma na zumari. Je, sisi tuna haya gani?

Tuje sasa katika kiini cha jambo. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 kiliitangazia dunia neno moja la Kinyakyusa: ukwangala. Maana yake ni raha ya kukaa na wenzako, kuzungumza, kula na kunywa pamoja kwa adabu na kwa moyo mweupe. Katika vijiji vya rika vya zamani, vijana walilala pamoja katika makazi yao wenyewe, lakini walikwenda kula kwa kundi, leo katika nyumba ya mama wa huyu, kesho katika nyumba ya mama wa yule. Mtu aliyekula peke yake, gizani, alitiliwa mashaka. Ukarimu ulikuwa sheria ya jamii, na aliyeitekeleza sheria hiyo kila siku alikuwa mama aliyesimama mbele ya chungu.

Vijiji vya rika vimetoweka, na hatusemi virudishwe. Twasema kwamba ukwangala huhitaji kitu cha kuweka katikati ya watu. Mbalaga, yaani ndizi za kupikwa, hukaa katikati ya watu. Maziwa yaliyoganda hukaa katikati. Ndizi mbivu iliyochomwa katika majivu ya moto hukatwa vipande na kila mtoto hupata chake. Lakini biskuti ya pakiti huhesabiwa. Ina bei iliyoandikwa, na mwenye nyumba maskini huona afadhali asikaribishe mgeni kuliko kumkaribisha bila pakiti. Hapa ndipo madhara ya kweli yanapotokea. Tumeiweka heshima ya mgeni katika kitu cha kununuliwa, na tukamfanya mwenye migomba hamsini ajione maskini mbele ya mgeni kwa sababu hana shilingi elfu mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Siku hizi mgeni akija, mwenyeji huona haya.

Haya hii ilitoka wapi? Haikuota yenyewe. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin waliingia Rungwe mwaka 1891, na baada yao utawala wa Wajerumani, ambao uliujenga mji wa Tukuyu na kuuita Neu Langenburg. Waingereza walifuata baada ya Vita Kuu ya kwanza. Hatukatai kwamba palifundishwa kusoma, kutibu, kujenga na kushona. Lakini katika shule nyingi za wasichana za zama za ukoloni, upishi uliofundishwa ulikuwa upishi wa nyumba ya bwana. Msichana alifundishwa kupima unga wa ngano, kupiga mayai, kuoka keki na kuandaa meza, ili awe mke wa karani au wa mwalimu na nyumba yake ifanane na nyumba ya mtawala. Ndizi haikuwamo katika somo hilo. Ilibaki nje ya darasa, pamoja na lugha ya mama na jina la bibi.

Yatupasa kusema kweli kwamba Uhuru wa mwaka 1961 haukuifuta kasumba hiyo. Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, akaitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasuta wasomi waliojua dansi za Ulaya na kuzisahau ngoma za kwao. Taifa lilielewa kuhusu dansi. Kuhusu sahani halikuelewa. Somo la sayansi kimu lililofundishwa katika shule zetu liliendelea kwa muda mrefu kuiheshimu keki ya ngano kuliko mkate wa ndizi, na binti wa Rungwe aliweza kupata alama nzuri katika upishi pasipo kuulizwa hata swali moja juu ya tunda linaloota mlangoni kwao.

Hata hivyo tusiwe watu wa kulaumu tu. Taifa hili limewahi kuonyesha kwamba laweza kulifanya jiko kuwa darasa. Baada ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vikundi vya masomo, ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu walikaa chini ya miti wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana juu ya kile wanachokula na kile wanachowapa watoto wao. Mwaka 1973 liliundwa pia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo mpaka leo hufundisha usindikaji wa vyakula. Kwa hiyo nia ilikuwapo na vyombo vilikuwapo. Kilichopungua ni imani kwamba jambo hili ni la utamaduni na la heshima, wala si la kumpatia mama fulani fedha za chumvi tu.

Wengine hutwambia kwamba kazi hii ni ngumu, yahitaji mitambo na wataalamu. Tuieleze basi, ili ugumu wake uonekane. Jamu haiozi kwa sababu sukari nyingi huyashika maji ya tunda, vijidudu visipate maji ya kuishi. Jamu iliyokamilika huwa na sukari ya karibu asilimia 65, ile ya tunda na ile iliyotiwa. Huganda kwa sababu ya pektini, kitu kilichomo ndani ya matunda yenyewe, ambacho huhitaji uchachu ili kifanye kazi. Pera lina pektini tele. Pesheni ina uchachu tele. Ndizi ni tamu lakini haina uchachu wa kutosha, na kwa hiyo huongezewa maji ya ndimu, nayo ndimu i uani. Mpishi huchemsha huku akikoroga kwa mwiko, hudondosha tone katika sahani baridi, na tone likijikunja linaposukumwa kwa kidole, hujua kwamba imeiva. Huijaza ingali moto katika chupa zilizochemshwa, akazifunga, akaziweka mahali pasipo na jua. Yahitaji sufuria, mwiko, chupa, usafi na saa moja. Anayejua kupika ugali bila kuacha mabonge hawezi kushindwa na jamu.

Tena kila nchi hupika kufuatana na anga yake. Vitabu vya Ulaya huamuru jamu ipikwe majira ya joto, kwa sababu huko matunda huja kwa miezi michache na baada yake huja theluji. Rungwe haina theluji, na ndizi huzaa mwaka mzima. Taabu yetu ni unyevu. Anayetaka kuanika ndizi juani lazima aifuate miezi mikavu, takriban Juni hadi Oktoba, na hata hapo ukungu wa asubuhi humchelewesha. Anayekaa Kyela ana jua kali zaidi lakini matunda yake ni mengine. Kwa hiyo kalenda ya vitamutamu vya Rungwe haiwezi kunakiliwa kutoka kitabu cha wageni. Yapasa iandikwe na watu wa Rungwe wenyewe: lini kuanika, lini kupika, lini kuvumbika mikungu ili iive kwa zamu badala ya kuiva yote kwa siku moja. Kalenda hiyo ni elimu ya taifa. Sehemu kubwa yake imo vichwani mwa akina mama wazee, na kila mwaka tunawazika.

Kuna hoja nyingine, nayo ni nzito kuliko zote, na hatutaikwepa. Watu wa afya hutuonya kwamba sukari imezidi miilini mwetu, kwamba kisukari na meno mabovu vimeingia hata vijijini. Je, sisi twataka kuongeza sukari? La. Twakubali onyo hilo na twalitumia kuwa silaha yetu. Anayekunywa soda kila siku na kula biskuti kila siku haili sukari ya utamaduni wake; hula sukari ya tangazo la biashara. Kitamutamu cha nyumbani kilikuwa na siku yake na kipimo chake: cha sikukuu, cha mgeni, cha mtoto aliyepona homa. Tena utamu wa Rungwe hauna lazima ya kutoka katika mfuko wa sukari. Ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi hutosha kuutamisha mkate wa mahindi bila kijiko hata kimoja cha sukari. Ndizi iliyokaushwa ni tamu yenyewe. Asali ipo.

Wale waliokuwapo katika miaka ya shida iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wanakumbuka foleni za sukari katika maduka, na chai iliyonywewa kwa chumvi. Na mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua zilipoharibu uvunaji wa miwa na viwanda vikapunguza uzalishaji, bei ya sukari ilipanda tena nchi nzima. Mara zote mbili migomba ya Rungwe ilikuwa imesimama pale pale, na utamu wake haukupanda bei. Taifa linalojua kuutoa utamu katika tunda lake halitishwi na upungufu wa kiwandani. Huku nako ni kujitegemea, na hakuna sababu ya kuliona neno hilo limezeeka.

Sasa tuseme juu ya biashara, maana wapo watakaotuambia kwamba dawa ya Rungwe ni kuuza nje tu. Parachichi la Rungwe limefika mbali. Mwezi Novemba 2022 nchi yetu ilitia saini makubaliano ya kuuza parachichi nchini China, na wakulima wengi wamefaidika na soko la nje. Twafurahi. Lakini tazama kakao ya Kyela: huondoka ikiwa punje, na hurudi ikiwa chokoleti katika karatasi ya kung'aa, kwa bei ambayo mtoto wa aliyeilima hawezi kuilipa. Anayeuza tunda ghafi peke yake huuza pia kazi ya watoto wake kwa watu wengine. Na parachichi lisilofikia kipimo cha mnunuzi wa nje hubaki kwetu. Je, tuna maarifa ya kulitumia, au nalo lioze kama ndizi? Iringa, kwa Dabaga, imeonyesha kwamba jamu yaweza kutengenezwa katika nyanda zetu za juu kusini na ikauzwa nchi nzima. Basi tusiambiwe kwamba haiwezekani. Tuambiwe kwamba hatujataka.

Wala hatusemi kwamba kila kinachopikwa nyumbani ni safi kwa kuwa ni cha nyumbani. Shirika la Viwango, TBS, lililoundwa mwaka 1975, limekabidhiwa usalama wa chakula tangu mwaka 2019, na ni haki lidai chupa safi na kipimo sahihi. Lakini sheria yapaswa kumwinua mpishi. Mama mwenye sufuria moja akidaiwa yale yanayodaiwa kiwanda cha mitambo, ataacha, na nafasi yake itachukuliwa na kopo la mbali. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria tangu mwaka 2018 kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wa Kiwira wanaotaka chupa mia mbili na mizani ni wateja halali wa mkopo huo, sawa na vijana wa bodaboda.

Na wanaume nao wasikae pembeni wakicheka. Wamo wanaodhani kwamba mjadala wa jamu ni mjadala wa akina mama, wakati wao wanajadili mambo makubwa ya uchumi. Hao hao ndio hupakia mikungu katika malori na hao hao ndio hulalamika bei ikianguka. Ndizi inayooza ni jasho la mwanamume na la mwanamke. Mkono ulioshika jembe waweza kushika mwiko, na hautapungukiwa na cho chote.

Twadai nini basi? Twadai kwanza kwamba maofisa utamaduni waache kuhesabu vikundi vya ngoma peke yake. Waingie majikoni wakiwa na daftari, wayaandike kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili majina ya ndizi, namna za kuvumbika, kuchoma, kuanika, kuoka na kupika, wakimtaja kila mama aliyewafundisha kama vile wanavyomtaja manju wa ngoma. Twadai pili kwamba shule za Rungwe zifundishe upishi wa matunda ya Rungwe, na kwamba mtoto asihitimu darasa la saba bila kujua kuifanya ndizi moja iishi miezi sita. Twadai tatu kwamba ofisi za umma, kuanzia kijiji hadi wilaya, zinapoandaa chai ya mkutano, ziweke mezani kilichopikwa na watu wa mahali hapo. Gharama yake haizidi ile ya pakiti, na fedha yake hulala Tukuyu badala ya kulala ng'ambo.

Twadai nne, na hili ni la kila mmoja wetu: tujirekebishe nafsi zetu. Hakuna amri ya serikali inayoweza kumwondolea mtu haya ya chakula chake. Mwenye nyumba anapoitoa sahani ya ndizi zilizookwa kwa moto wa juu na chini, akaiweka mbele ya mgeni bila kusema "tusamehe, hatuna kitu," siku hiyo utamaduni wa taifa umesonga mbele hatua moja ambayo hotuba mia haziwezi kuisogeza. Na mgeni anayeila kwa furaha, akauliza ilipikwaje, amefanya kazi ya ofisa utamaduni bila mshahara.

Mwacha asili ni mtumwa. Na mtumwa mbaya kuliko wote ni yule aliyeachwa huru akaendelea kuipenda sahani ya bwana wake. Mvua ya Rungwe itaendelea kunyesha, na mgomba hautangoja tumalize kubishana: utazaa, mkungu utaiva, na swali litabaki mikononi mwetu, kama uiviwe na wapishi au uiviwe na nzi. Sisi twasema uiviwe na wapishi. Tuzioshe chupa, tuyakoleze makaa, tuwaite wazee watufundishe wangali wapo, tuwaite na watoto wasikie. Akiba haiozi, ila akiba isiyowekwa huoza, na maarifa nayo ni akiba.